Mchore Mzee wa Lamu Kabla Hujamwona

Ndugu mwandishi, kazi imekufikia. Pengine ni mwalimu wa Kiswahili aliyetaka insha ya maelezo, pengine ni mhariri mwenye ukurasa mtupu anayetaka "mtu mmoja wa Lamu, umchore vizuri", na siku ya kukabidhi ni kesho. Masharti ya kazi hii ni yale yale ya siku zote: msomaji akifunga ukurasa abaki na taswira moja kuu ya mhusika wako. Akumbuke kwamba yule mtu alikuwa bahili, au mwenye kiburi, au mpole kupita kiasi, na kila ulichokitaja kumhusu kiwe kimesukuma upande huo huo. Mmarekani Edgar Allan Poe aliandika mwaka 1842 kwamba hadithi fupi yapasa ilenge athari moja tangu sentensi ya kwanza. Ushauri mzuri, ila unamtaka mtu akae, atazame, achague, atupe. Wewe una hadi kesho. Nisogelee nikuonyeshe wanavyofanya wengine, na wanasifiwa.

1. Ichague sifa ukiwa bado Mokowe, upande wa bara, kabla mashua haijang'oa nanga. Ukishavuka utakutana na watu, na watu huvuruga mambo. Kwa wazee wa Lamu soko linapokea sifa tatu: hekima, huzuni na siri. Hekima hununuliwa na magazeti ya Nairobi. Huzuni huwapendeza wageni wa Ulaya, hasa jua likiwa linazama. Siri ni ya wale wanaoandika kuhusu milango. Usijaribu sifa ndogo ndogo kama ubishi, udadisi wa bei za vitu vya watu, au tabia ya kutokubali kushindwa bao. Sifa za namna hiyo hazipatikani bila kumfahamu mwenyewe, na kumfahamu mtu kunakula siku.

2. Mpe jina linalofanya kazi badala yako. Shaaban Robert, katika Kusadikika ya mwaka 1951, alimwita waziri mmoja Majivuno, na kabla waziri hajafungua kinywa sote tulikuwa tumeshajua tumefika kwa nani. Yeye alikuwa anafumba fumbo juu ya utawala, na fumbo lina ruhusa zake. Tofauti hiyo usiitaje. Kama unaona haya kumwita mhusika wako Mzee Hekima, mwite "Mzee" tu, bila jina la baba wala la mtaa. Watakaokukosoa watasema mhusika wako ni bapa, maana tangu Mwingereza E. M. Forster awatenganishe wahusika bapa na wahusika duara mwaka 1927, walimu wamelishika jambo hilo kama bakora. Usitishike. Chapati nayo ni bapa, na asubuhi watu huipangia foleni.

3. Mvishe. Kanzu nyeupe, kofia ya vito, mkongojo, tasbihi. Nyuma yake simamisha mlango wa nakshi, mbele yake pitisha punda. Punda mmoja anatosha. Ukiweka wawili itabidi useme wamebeba nini, na huenda ni simiti. Vitu hivi huna haja ya kuviona kwa macho yako. Vimo katika kila kijitabu cha watalii tangu UNESCO iuingize mji mkongwe wa Lamu katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, na vilikuwamo hata kabla ya hapo.

Hatari iko kwenye kofia. Kofia ya vito hushonwa kwa mkono, kitundu kwa kitundu, na iliyo nzuri hula wiki nyingi za mtu. Mwandishi mchokozi angeuliza: nani ameishona? Mkewe? Yeye mwenyewe, barazani, jioni hadi jioni? Au ameinunua, na kama ameinunua, mbona imefuliwa hata vitundu vimelegea ilhali kanzu ni mpya? Kwa kofia moja angejua kama mtu huyu anapendwa nyumbani, ana fahari, au ana deni. Wewe andika "kofia yake nzuri", uendelee na safari.

4. Macho. Hapa ndipo alama zinapovunwa. Shule zetu zina akiba kubwa ya tashbihi ambazo hazijawahi kuisha: meno meupe kama theluji, macho kama gololi, mrefu kama mlingoti, mrembo kama hurulaini. Zitumie zote, hata zile zisizomhusu. Usijisumbue kwamba theluji haijapata kuanguka Lamu, na kwamba weupe wanaoujua wavuvi ni wa vibonge vya barafu wanavyowekea samaki. Usijisumbue pia kwamba mzee wa miaka themanini ana meno saba.

Kisha mtazamishe Bahari ya Hindi. Hili ni sharti. Mzee wa Lamu asiyetazama bahari hachapishwi. Kuna tatizo dogo la jiografia tu: ukikaa mbele ya mji wa Lamu, kilicho mbele yako ni mkondo, na ng'ambo ya mkondo ni kisiwa cha Manda. Bahari kuu iko upande wa Shela, mwendo wa kilomita tatu hivi. Mzee aliyekaa pwani ya mji na kukodoa macho yake "yaliyoona mengi" anatazama, kusema kweli, kama mashua ya Mokowe imeleta mzigo wake. Hilo likufie moyoni.

5. Sasa nikuonye kuhusu mshindani. Mwaka 1913 Muhammad Kijumwa wa Lamu aliandika utendi wa Fumo Liyongo, shujaa wa tangu kale wa pwani hii, akaweka kipimo kitakachokuaibisha usipokikwepa. Alitaka tuone jambo moja: huyu si mtu wa kadiri ya watu wengine. Sifa za kawaida zipo mle, mwanzoni, chache, wala si hizo watu wanazozisimulia. Wanachosimulia ni mkoba. Waoromo, ambao utendi unawaita Wagala, wamefika Pate kwa mfalme, wamesikia habari za Liyongo, wanataka kumwona. Anakuja kwa miguu, anapiga panda yake njiani na mji unashtuka, anafika, anautua mkoba begani na kuanza kutoa. Kinu. Mchi. Mawe ya kusagia. Vyungu. Mafiga. Jiko zima limetoka katika mkoba wa mtu mmoja. Kimo chake hatukupimiwa kwa dhiraa. Tumeonyeshwa nyuso za wageni. Na wageni wale, badala ya kumsifu, wanaomba apewe mke wa kwao ili wapate mbegu yake.

Tazama na mwisho wake. Mwanawe amemchoma kitovuni kwa sindano ya shaba akiwa usingizini. Anaamka, anachukua uta, anakwenda kisimani, anapiga goti, anapachika mshale, na anakufa vivyo hivyo alivyo. Mji unakaa na kiu kwa sababu hakuna anayethubutu kusogelea maji. Anaombwa mama yake akamtulize, naye mama anamsihi maiti, mpaka siku mwili wenyewe unapoanguka. Liyongo hajafanya lolote katika sehemu hii yote, amekufa tu, na bado ndipo anapotisha zaidi, kwa sababu tunamwona kwa macho ya watu wenye mitungi mitupu.

Ubaya wa njia hii unauona. Inakutaka ufikiri mhusika wako angebeba nini mkobani, na ni nani angebadili njia kwa kumwona. Mzee wako angetoa nini kwenye mkoba wake? Hujui, na kesho imekaribia. Andika "alikuwa shujaa asiye na mfano". Maneno matano, na huna haja ya kuchimba kisima.

6. Panapotosha kivumishi kimoja, weka vitatu.

7. Futa kila kinachopinga. Mzee wako ana simu mbili. Anatuma pesa kwa M-Pesa upesi kukushinda. Ujanani alifanya kazi Muscat, na usiku wa ligi ya Uingereza hapatikani hata kwa dawa. Futa, futa, futa. Lamu ina hila moja ya kuwakera waandishi: inazaa watu wasiokubali kukaa ndani ya sifa moja. Kijumwa huyo huyo wa Liyongo alikuwa mchongaji wa mbao, mwandishi hodari wa hati za Kiarabu, mshairi, na mpiga kinanda. Ustadh Mahmoud Mau, mzaliwa wa Lamu wa mwaka 1952, anajulikana kwa uimamu, kwa mashairi, na pia kwa biashara ya mikate. Utafanyaje na mtu kama huyo? Unga utauweka wapi? Mtu akikwambia kwamba unga kwenye mkono wa imamu ni maelezo yanayozishinda kanzu na tasbihi kwa pamoja, mshukuru kwa adabu, kisha chagua kanzu na tasbihi.

Zaidi ya wote, mfute mvuvi aliyekwenda mahakamani. Mvuvi anayetakiwa ni mkimya, ameshika wavu, amesalimu amri mbele ya mawimbi. Kwa bahati mbaya wavuvi wa Lamu waliona bandari inajengwa Kililana, kwenye maji wanayovua, wakapeleka shauri mahakamani, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi ikaamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya Sh1.76 bilioni. Mtu aliyewahi kukaa kwenye benchi la mahakama na faili kwapani amekuharibia insha. Hawezi tena kuwa mkimya wa kuaminika. Gati la kwanza la bandari hiyo lilifunguliwa Mei 2021. Wewe andika kwamba "muda umesimama Lamu".

8. Msemeshe. Kiamu, lahaja ya Lamu, hakijifunzwi kwa wiki, kwa hiyo nyunyiza. Andika mato badala ya macho, ndia badala ya njia, yana badala ya jana, mara moja moja, na sehemu iliyobaki ya sentensi iwe Kiswahili cha mtihani. Msomaji wa Nairobi ataonja chumvi ya bahari. Kisha mtie mzee methali mdomoni, ikiwezekana ile ya haraka na baraka. Alichokisema hasa, kwamba mbao za jahazi zimepanda bei na vijana wanataka mashua za fibaglasi zenye injini, kiache. Kitamfanya aonekane ana hesabu kichwani, na mwenye hesabu kichwani hatazami bahari.

9. Kama umemfanya fundi wa kijiji cha Matondoni, mwite "fundi wa jahazi" na uishie hapo. Ahmed Sheikh Nabhany, mzaliwa wa Matondoni, alitunga Sambo ya Kiwandeo, iliyochapishwa mwaka 1979, na humo anakiunda chombo katika beti, kipande kwa kipande, kila kipande kwa jina lake. Hayo ni makuu, yaache kwa wenyewe. Ukianza kutaja mkuku, foromali na henza, utajikuta unamuuliza fundi maswali, na fundi akianza kujibu hutamwona akifikia futi. Utamwona amefumba jicho moja, ameukodolea ubao jicho la pili, amekwisha kujua pa kukata. Halafu kuna tezo, kuna kekee, kuna pamba ya kalafati, na kuna ile harufu ya mafuta ya papa kwenye vidole vyake anapokupa kikombe cha kahawa. Harufu hiyo itamkaa msomaji puani hata aya tatu mbele, na wewe uliahidi hekima, hukuahidi papa. Andika "mikono yenye sugu". Kila fundi duniani anayo, huwezi kukosea.

10. Hatimaye nenda ukamwone, lakini usipitishe robo saa. Habari njema ni kwamba atakusaidia. Usidhani majivuno ni yako peke yako. Wewe unataka usifiwe kalamu, yeye anataka atoke vizuri, na hakuna ushirikiano mtamu kama wa watu wawili wenye haja hizo. Wewe si wa kwanza. Ameshapigwa picha na watalii, ameshaandikwa na wanafunzi wa uandishi wa habari, na mwaka mmoja alitokea kwenye kalenda. Ukimwamkia na kutoa daftari ataomba udhuru, ataingia ndani, na kutoka na kanzu iliyopigwa pasi. Atakaa upande wenye mwanga. Atashika mkongojo asiouhitaji.

"Nitazame wapi, mwanangu?"

Mwambie baharini. Atageuza shingo polepole, kwa ufundi wa siku nyingi, na atanyamaza kwa ukarimu mpaka umalize kuandika kwamba ukimya wake ulisema mengi.

Mkimaliza, shukuru, uondoke. Hili nalisisitiza kuliko yote, kwa sababu daftari likifungwa mzee hurudi kuwa yeye. Ataivua kofia ya wageni, ataagiza kahawa, ataketi kwenye bao na wenzake. Ukibaki utamwona akizigeuza kwa ncha ya mkongojo ndara walizozivua watu ovyo, mpaka zote zitazame upande mmoja. Utamwona akiisogeza kete ya mwenzake iliyokaa ukingoni mwa shimo, mwenzake aking'aka, naye hasikii. Kijana atapita na salamu yake. Mzee ataitikia, kisha atamwita arudi, amfungue kifungo cha shati kilichoingia tundu la jirani na kukifunga palipo pake. Mwenye kahawa akidondosha tone kwenye sinia, mzee atalifuta kwa kidole kabla hajagusa kikombe. Atakunywa hapo tu sinia likiwa safi, na atakunywa bila kuacha kuutazama mkeka, ambao pembe yake moja imekunjika na mtu mnene ameikalia.

Ukishayaona hayo umeangamia. Una mtu mzima mikononi, mtu asiyeweza kustahimili kitu kilichopinda, na hiyo ni sifa moja kama ulivyoagizwa, ila ameichagua yeye mwenyewe wala haimo katika zile tatu ulizotoka nazo Mokowe. Hapo itabidi utupe mlango, utupe punda, utupe theluji na gololi. Hata bahari itabidi uitupe, kwa sababu huyu mtu angeinyoosha kama angeweza, na kwa kuwa hawezi, haitazami. Kurasa tano zitabaki aya moja: ndara, kete, kifungo, tone la kahawa, pembe ya mkeka. Na wewe unalipwa kwa maneno.

Kuna waandishi ambao husikia kishawishi hicho wakakaa. Huwaoni sana magazetini. Wengine walikwenda Lamu kwa wiki moja, wako huko hadi leo, wanajua nani hasemi na nani, na hawajaandika hata ukurasa. Usijiunge nao.

11. Tuma. Tuma Nairobi, tuma Dar es Salaam, tuma kwenye shindano lolote lenye neno "urithi" kwenye tangazo lake. Una nafasi nzuri ya kushinda, maana baadhi ya waamuzi nao wamemwona mzee huyo huyo, kwenye kalenda ile ile. Ukipandishwa jukwaani na kuulizwa ulimchoraje mhusika hai namna ile, nyamaza kidogo, tazama mbali juu ya vichwa vya watu, useme alijiandika mwenyewe. Waandishi wote husema hivyo na hakuna aliyewahi kuombwa ushahidi.

Jambo moja tu uwe nalo macho. Usimpelekee mzee nakala, wala usimtajie jina la gazeti. Anasoma, na husoma akiwa na kalamu mkononi.